Mashine Isiyoitikia Shikamoo

Katika darasa la Mwalimu Levina hakuna mtoto aliyekaa kabla ya kusikia marahaba. Asubuhi walisimama wote, wakasema "Shikamoo mwalimu" kwa ule wimbo wa shuleni unaovuta silabi ya mwisho, kisha wakanyamaza na kusubiri. Naye Levina hakuwa mwepesi wa kuitikia. Alimtazama kwanza aliyekuwa bado anamfinya mwenzake, akamtazama aliyechelewa akajibanza nyuma ya mlango, na kimya kilipotimia ndipo alipoitoa: "Marahaba, wanangu." Hapo madawati yakalia kwa pamoja. Walimu wenzake walimtania kwamba kwake marahaba inachelewa kuiva kuliko ubwabwa, naye aliwajibu waje siku moja waonje.

Ilikuwa sauti nzito kidogo kwa mwanamke, ya taratibu, sauti ya mtu asiyehitaji kupiga kelele ili asikike mwisho wa darasa. Kanisani ndiye aliyesoma somo la kwanza karibu kila Jumapili. Kwenye misiba alikabidhiwa kusoma wasifu wa marehemu, na hata marehemu aliyekuwa mlevi na mgomvi alitoka pale amenyooka. Mumewe Marcelino, mkulima wa mpunga na mtu wa maneno machache, alikuwa akisema alimuoa kwa kumsikia kabla ya kumwona, maana siku ile kanisani alikuwa amekaa nyuma ya nguzo.

Shule yenyewe iko nje kidogo ya Michenga, bondeni karibu na Ifakara, mahali ambapo wakati wa masika maji hufika hadi kwenye msingi wa madarasa. Jina lake tuliache, kwa sababu walimu wake bado wanahitaji kazi. Nusu ya watoto ni wa Wapogoro na Wandamba walio na mashamba pale, nusu nyingine ni wa Wasukuma waliokuja na ng'ombe. Wazazi wao wana kesi zisizokwisha za mpunga ulioliwa na ng'ombe waliokamatwa. Ndani ya darasa la Levina kesi hizo hazikuingia. Wote walisimama, wote walisubiri, wote waliketi.

Ikaja habari ya Soma Nami. Hii ni programu ya kufundisha kusoma kwa mtandao, mali ya kampuni kubwa ya ng'ambo, moja ya yale makampuni ambayo yamo ndani ya simu ya kila mtu, hata ya bibi anayeitumia kupokelea tu. Kampuni ilisema itatoa programu na vishikwambi bure kwa baadhi ya shule za umma bondeni. Bure! Kiswahili chetu kina neno moja tu kwa kitu kisicholipiwa na kwa kazi isiyo na faida, na siku ile hakuna aliyekumbuka kuuliza ni bure ipi. Watu walipiga makofi, wakapiga picha, wakanywa soda.

Lakini programu ilihitaji sauti ya Kiswahili, na kampuni ilitaka sauti ya mwalimu wa kweli. Paroko alimtaja Levina, mwalimu mkuu Fridolin akamtaja Levina, na akatumwa Ifakara kurekodiwa. Walikuwa wamepanga chumba nyuma ya nyumba ya wageni, wakatundika magodoro ukutani ili kuzuia kelele. Jirani kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Ilipowashwa, kazi ilisimama na wote wakasubiri umeme ukatike, na kwa Ifakara hawakusubiri sana.

Aliyesimamia kazi ni kijana wa kampuni kutoka Dar es Salaam, Nickolaus, mpole na mwenye heshima zake. Maneno ya kusoma yalikuwa yameandikwa huko huko ng'ambo, kisha yakatafsiriwa. Ukurasa wa kwanza uliandikwa, "Mambo, rafiki!" Levina akaweka karatasi chini.

"Hili silisemi."

"Kwa nini, mama?"

"Mambo naambiana na nani? Na mwanafunzi si rafiki yangu. Ni mwanangu."

Nickolaus alipiga simu, akaandika ujumbe, akasubiri, na mwishowe akarudi na ruhusa nusu. Mambo ingekuwa Habari. Rafiki angebaki, maana huko juu walikuwa wameshampitisha. Levina akasoma shingo upande. Alisoma silabi, akasoma maneno, akasoma sentensi za Juma na mpira wake, na "Jaribu tena, rafiki" akairudia kwa namna nyingi mpaka mate yakamkauka. Mwishoni kioo kikamwonyesha maandishi mengi madogo na kitufe kimoja kikubwa cha kijani kilichoandikwa Nakubali. Akabonyeza, akapewa kofia, akarudi nyumbani.

Vishikwambi vilipofika, watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mwalimu amesimama pale, na mwalimu huyo huyo anaongea mezani! Vipindi vya kusoma vya darasa la tatu vyote vikahamia huko. Mtoto alikaa na kishikwambi chake, sauti ikamwambia asome, mashine ikamsikiliza, na mtandao uliposhika matokeo yakaruka kwenda kusikojulikana na kurudi yakiwa rangi. Kijani ni mtoto anayesoma. Njano anajikongoja. Nyekundu hajui kusoma, arudishwe kwenye a-e-i-o-u, na akimaliza mwaka akiwa mwekundu asivuke darasa.

Matokeo ya kwanza yalirudi darasa zima likiwa jekundu.

"Madam," alisema Fridolin, akiwa amekishika kishikwambi kama mtu aliyeshika nyoka, "huko wanaona kila kitu. Mtu yuko ng'ambo ya bahari analiona darasa lako kuliko mimi niliye ukuta wa pili."

"Analionaje, Mkuu? Hawa watoto wanasoma!"

"Mimi najua. Lakini mimi siulizwi siku hizi. Inaulizwa hiyo."

Miongoni mwa wekundu alikuwamo Omega, binti wa mfugaji wa upande wa mtoni. Huyu alijifunza kusoma kwenye makopo ya dawa za ng'ombe, akimsomea baba yake namna ya kuchanganya, na hakuwahi kukosea, maana kukosea ni ng'ombe kufa. Sasa mashine ilimkalisha na herufi a yenye picha ya asali. Baba yake alikuwa ameshasema kwamba binti akirudia darasa basi, nyumbani kazi zipo. Levina aliposikia hivyo usingizi ulimpaa.

Siku iliyofuata akakaa dawati la nyuma ya Omega, atazame kosa liko wapi. Sauti yake mwenyewe ikatoka mezani: "Habari, rafiki! Soma sentensi hii." Omega akateremka kwenye benchi. Akapiga magoti sakafuni, kama mabinti wa kwao wanavyofanya mbele ya mkubwa, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mwalimu." Halafu akasubiri. Juu ya kioo kulikuwa na duara dogo la kuhesabu muda lililokuwa linapungua, likapungua, likaisha.

"Jaribu tena, rafiki."

"Shikamoo mwalimu," alisema Omega, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayehisi kuna kosa amefanya.

"Jaribu tena, rafiki."

Duara likaisha tena. Ukalia muziki mdogo wa huzuni, kioo kikawa chekundu, na mtoto akainuka akipangusa vumbi magotini.

"Omega," aliita Levina kutoka nyuma, "mbona husomi?"

Mtoto aligeuka. Macho yalikuwa yameshajaa. "Hujaniitikia, mwalimu."

Levina akainuka. Akatazama darasa zima, na sasa aliona alichokuwa hakioni. Mmoja amesimama kando ya benchi anangoja. Mwingine amefumbata mikono anangoja. Watoto wa Kipogoro, wa Kindamba, wa Kisukuma, wote walikuwa wamemwamkia mwalimu wao kwa adabu aliyowafunza mwenyewe, wote walikuwa wanangoja marahaba, na mashine iliandika kwamba hawajui kusoma. Alitaka kucheka. Kilichomtoka hakikuwa kicheko.

Akasimama mbele, akawaeleza. Ile si mimi, ile ni mashine, imebeba tu sauti yangu, msiiamkie. Someni moja kwa moja.

"Nisikuamkie?" aliuliza Omega.

"Usiiamkie hiyo."

"Lakini ni wewe, mwalimu."

Walijaribu, masikini. Kuna aliyejiziba mdomo kwa kiganja ili salamu isitoke, sentensi nayo ikabaki humo humo. Kuna aliyenong'ona shikamoo haraka haraka kama mwizi. Wachache wakafika njano. Naye Levina alipojaribu kuwaitikia mmoja mmoja, maduara ya wengine yaliisha kabla hajawafikia. Lakini haikupita wiki Levina akakutana na watoto wake wawili njiani wakitoka kuchota maji, na wale watoto wakamtazama, wakatazamana, wakapita kimya. Hawakuwa na kiburi. Hawakujua tu huyu ni yupi, anayeamkiwa au asiyeamkiwa. Levina alifika nyumbani akakaa kizingitini bila kuvua viatu, na Marcelino alipomuuliza kulikoni, akalia.

Kesho yake akafuta amri yake. "Amkieni," aliwaambia. "Mimi nitakwenda kuifundisha adabu hiyo mashine."

Alikwenda Ifakara kwa bodaboda, akamkuta Nickolaus ofisini, mtaa ule ule wa mashine ya kukoboa. Kijana akainuka upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Basi hilo ndilo nililolifuata."

Akamweleza yote. Nickolaus alicheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka, kwa sababu na yeye alikuwa mtoto wa mtu. Alielewa. Shida haikuwa kuelewa. Programu ile ile, alisema, inatumika katika nchi nyingi, sauti tu ndiyo inayobadilishwa, na hakuna hata nchi moja ambayo mashine imeachiwa nafasi ya kuitikia. Kufungua nafasi ya neno moja ni lazima kuombwe, kujadiliwe na watu ambao hajawahi kuwaona, wakubali, wapime.

"Neno moja, Nickolaus. Marahaba. Mtoto ataketi, atasoma."

"Najua, mama. Hebu liseme hapa kwenye simu yangu, nilitume."

Levina akajiweka sawa, akasubiri kimya kama darasani, akasema. Hata yule dada wa mapokezi aliinua kichwa.

Sasa inafaa kusema jambo ambalo Levina hakupenda lisemwe. Shingoni alikuwa na goita, uvimbe wa tangu usichana, aliouficha kwa vitambaa vizuri vizuri. Mwaka ule ulikuwa umeanza kumbana koo. Daktari alikuwa amempangia upasuaji, akamwambia wazi kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo, kwamba wengi hutoka salama, na wachache sauti haiwarudii. Levina hakuogopa kisu. Alihesabu tu kwamba neno lake likishaingia kwenye mashine, basi hata likitokea la kutokea, watoto wake watakuwa na wa kuwaitikia. Akaahirisha.

"Mama Tadei," alisema Marcelino, akimwita kwa jina la mtoto wao, "mashine ni ya watu. Shingo ni yako."

"Nikishaiweka marahaba, nakwenda."

Majibu yalikawia. Yalipokuja yalisema rekodi ya kwenye simu haifai, kwa nyuma kunasikika mashine ya kukoboa, irudiwe kwenye chumba. Chumba chenyewe kilikuwa kimeshapangishwa kwa muuza vifaa vya simu, magodoro yamerudi vitandani, na mitambo imepelekwa mkoa mwingine. Ingerudi baadaye. Levina akaahirisha tena. Uvimbe ukazidi. Ikawa hawezi kulala chali, analala ameegemea ukuta, na pumzi yake inakoroma hata akiwa macho. Fridolin alimpunguzia vipindi. Watoto waliendelea kupiga magoti mbele ya sauti yake na kuambiwa wajaribu tena, na kila aliposikia "Jaribu tena, rafiki" kutoka darasani, yeye akiwa barazani, alijichukia kwa jinsi alivyoisema vizuri.

Siku moja alianguka njiani, pumzi imekata. Daktari hakutaka tena kusikia habari za marahaba. Wakampasua, wakaokoa maisha yake, na tunashukuru, maana wangechelewa kidogo tusingekuwa na cha kusimulia. Sauti haikurudi. Walimwambia ampe Mungu nafasi, afanye mazoezi, anywe maji ya uvuguvugu. Alifanya yote. Kilichotoka kilikuwa hewa, na ndani ya hewa mkwaruzo.

Alikuwa bado amelazwa simu ilipolia. Marcelino akaipokea, akaiweka ili wote wawili wasikie. Alikuwa Nickolaus, na furaha ilikuwa inamwagika.

"Shikamoo baba! Mwambie mama wamepitisha! Wanafungua nafasi ya salamu, na mitambo inakuja Ifakara wiki ijayo. Anatakiwa neno moja tu. Yuko hapo? Mama, unanisikia? Mama?"

Levina alikuwa anamsikia. Marcelino alimtazama mkewe, akatoka na simu nje, na huko nje alikaa muda mrefu kuliko maneno aliyokuwa nayo.

Nickolaus hakuwa mtu mbaya. Alipopata nguvu ya kusema tena alileta wazo. Siku hizi, alisema, mashine ikiwa na sauti ya mtu ya kutosha inaweza kulitengeneza neno lolote, hata ambalo mtu huyo hakulisema, na ya mama wanayo nyingi. Levina alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, akiwa ameshika mkono wa mumewe. Ilimtisha kidogo, sauti yake kusema bila yeye. Lakini alitaka. Aliomba pia, kwa kuandika, kama anaweza kupewa zile rekodi zake abaki nazo nyumbani. Jibu la rekodi lilikuwa kwamba ni mali ya kampuni, alishakubali. Jibu la marahaba lilikuwa refu na la adabu, lakini maana yake fupi. Kampuni ilikuwa imepima, ikaona ni rahisi zaidi kubadilisha sauti nzima.

Sauti mpya iliingia usiku kwa mtandao, kwenye vishikwambi vyote kwa mara moja, na ya Levina ikafutika humo bila mtu kuigusa. Hii mpya haikurekodiwa na mtu yeyote. Ni ya msichana asiye na kwao, hana lafudhi ya Ifakara wala ya pwani, na anaanza kwa furaha: "Mambo, rafiki!"

Watoto hawakuiamkia. Nani atamwamkia mtu asiyemjua, tena anayesema mambo? Walisoma moja kwa moja, na darasa likawa kijani. Fridolin alimletea Levina habari hizo nyumbani, akiwa hajui aziletee uso gani. Ripoti iliyotoka juu ilisifu maendeleo makubwa ya shule ile, na ilieleza kwamba sauti ya awali ndiyo iliyokuwa kikwazo kwa wanafunzi.

"Omega?" aliuliza Levina kwa midomo.

"Kijani, madam. Wa kwanza kabisa. Atavuka."

Levina akafurahi, kweli akafurahi. Halafu akageukia ukutani.

Alirudi shule muhula ulipofunguliwa, kitambaa kipya shingoni. Alipoingia, watoto walisimama kama zamani, wakaivuta ile silabi ya mwisho kama zamani: "Shikamoo mwalimuuu." Kisha wakanyamaza, wakasubiri. Omega, ambaye hakuwa amemwona tangu agonjwe, alikuwa ameshuka kwenye benchi na kupiga magoti.

Levina alifungua kinywa. Pumzi ikatoka. Wa dawati la mbele wakatazamana, wakadhani ndiyo ile kawaida yake ya kuchelewesha, wakazidi kunyamaza. Akajaribu tena, mishipa ikamsimama shingoni, pumzi tupu. Akainua mkono kuwaashiria wakae. Hawakukaa. Aliwafundisha mwenyewe kwamba mkono si marahaba. Wakabaki wamesimama wima, wametulia vizuri kuliko alivyowahi kuwaona wametulia, wakimpa muda. Machozi yakamtiririka mbele yao, na hakuwa na sauti ya kuwaambia si kitu.

Mezani vishikwambi vilikuwa vimeshawashwa kwa kipindi. Kimoja kikawaka.

"Mambo, rafiki! Kaa vizuri, tuanze kusoma."

Watoto waliitazama mashine, wakamtazama mwalimu, wakaitazama tena mashine. Mmoja wa nyuma akaketi. Akafuata jirani yake, kisha safu ile, kisha safu nyingine, kwa kelele ndogo ndogo zisizo za pamoja. Omega alikuwa wa mwisho. Alimwangalia Levina kwa mara nyingine, akiwa bado magotini, akasubiri kidogo zaidi ya wenzake. Halafu akainuka, akapangusa magoti, akakaa, akasoma sentensi ya kwanza bila kukosea hata herufi.

"Hongera, rafiki!" ilisema mashine, na Levina peke yake ndiye aliyebaki amesimama.